Magari Mawili, Uamuzi Mmoja



Katika somo la leo tutazungumza juu ya kununua gari. Huenda mtauliza: gari na ndoa vina uhusiano gani? Uhusiano upo, tena mkubwa. Ukiondoa shamba na nyumba, familia nyingi hazinunui kitu cha bei ghali kuliko gari. Na nyumba nyingine zimeingia baridi, si kwa kukosa gari, bali kwa jinsi gari lilivyoingia uani: mmoja aliamua, mwingine akaarifiwa.

Tuchukue mfano. Mume na mke wanaishi Nakuru. Wana watoto wanne, na mama mzazi wa mume anakaa nao tangu miguu ilipoanza kumsumbua. Wote wawili wana mishahara, na wote wameweka akiba katika Sacco kwa miaka mingi. Wamekubaliana kuagiza gari lililotumika Japani, moja ya zile SUV ndogo, kwa maana kila mwezi huenda shambani Molo, na njia ya huko huwa tope wakati wa mvua. Mpaka hapo wako pamoja. Lakini Baba Watoto anataka Mazda CX-5 ya dizeli, na Mama Watoto anataka Nissan X-Trail ya petroli yenye viti saba. Hii ni wiki ya tatu. Kila wakianza kuzungumza, mmoja huinuka akaenda kulala.

Wafanye nini? Tufuate hatua tano.

1. Jueni mnabishania nini

Baba Watoto husema, "Hilo lako ni kama matatu." Mama Watoto hujibu, "Na wewe unataka tu kuonekana." Maneno hayo mawili hayana sababu ndani yake, yana mwiba tu. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Ukichimba chini ya mwiba utakuta sababu. Baba Watoto husafiri kikazi kwenda Nairobi kila wiki, kilomita 160 hivi kwenda na 160 kurudi. Anafikiria mafuta. Tena amesikia kwamba giaboksi ya X-Trail ikiharibika ni gharama kubwa, naye anaogopa deni juu ya deni. Mama Watoto naye amehesabu watu. Nyumbani mwao ni saba. Katika gari la viti vitano, kila safari kuna wawili wanaobaki, naye anajua vizuri watakaobaki ni akina nani: yeye na mama mkwe.

Hakuna kati yao aliye mjinga wala mchoyo. Kila mmoja anailinda familia kwa upande anaouona. Basi fanyeni hivi: mmoja azungumze kwa dakika kumi bila kukatizwa. Mwingine arudie kwa maneno yake yale aliyoyasikia, mpaka mwenzake aseme, "Ndiyo, hivyo ndivyo nilivyomaanisha." Kisha mbadilishane. Msitaje jina la gari lolote jioni hiyo. Tajeni safari, watu na fedha tu.

2. Yajueni magari yenyewe

Mabishano mengi huisha watu wakipata ukweli wa mambo. Haya ndiyo ya kujua juu ya magari haya mawili.

Viti. CX-5 ina viti vitano. X-Trail ya kizazi cha tatu, iliyoanza kuuzwa Japani mwishoni mwa mwaka 2013 na kuendelea hadi 2022, ipo ya viti vitano na ipo ya viti saba. Msidhani kila X-Trail ina viti saba. Zile za haibridi za kizazi hicho zina viti vitano. Na jueni kwamba safu ya tatu ni finyu. Watoto watakaa, lakini mama mzee mwenye miguu mibovu hawezi kupanda huko nyuma. Tena viti hivyo vikiinuliwa, nafasi ya mizigo hubaki ndogo sana. Watu saba pamoja na gunia la viazi kutoka Molo havitaingia.

Urefu kutoka ardhini. Yote mawili yameinuka kiasi cha sentimita 20, kwa hiyo hapa hakuna la kugombania. La maana zaidi ni kama injini inasukuma magurudumu yote manne au mawili tu. CX-5 na X-Trail zote mbili zipo za namna zote mbili, na kwa macho hutazitofautisha kwa urahisi. Ulizeni kabla ya kulipa. X-Trail ya magurudumu manne huwa na swichi ya kuyafunga yafanye kazi pamoja kwenye tope. CX-5 hujiamulia yenyewe.

Giaboksi. X-Trail hii ya petroli ya Japani hutumia giaboksi ya CVT, ambayo badala ya gia za kawaida ina mkanda wa chuma unaozunguka kati ya magurudumu mawili yanayopanuka na kusinyaa. Inahitaji mafuta yake maalumu. Fundi akitia mafuta ya giaboksi ya kawaida, ataiharibu. CX-5 ina giaboksi ya otomatiki ya gia sita, ambayo mafundi wengi wameizoea. Kwa hiyo hofu ya Baba Watoto ina msingi, lakini ina dawa pia: mafuta sahihi, yabadilishwe kwa wakati, na fundi anayeijua kazi hiyo.

Dizeli. Injini ya dizeli ya CX-5 ina nguvu na hunywa mafuta kidogo safari ndefu. Lakini ina chujio cha kunasa masizi. Chujio hilo hujisafisha kwa kuyachoma masizi gari linapokimbia kwa muda barabara kuu. Gari likizunguka mjini tu, shuleni na sokoni, chujio huziba. Kwa safari za Nairobi dizeli inafaa. Je, siku nyingine nne za wiki gari litafanya kazi gani? Hilo ni swali la kujibu pamoja.

Umri. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na ni lazima likaguliwe kabla ya kupakiwa melini. Ikiwa gari lilipitia mnada huko Japani, dai karatasi ya mnada inayoonyesha hali yake na kilomita lilizotembea. Muuzaji anayesita kuitoa, msimpe fedha. Kuuliza si ujinga.

3. Hesabuni gharama yote

Wengi huhesabu bei ya gari na nauli ya meli, wakasahau kinachowangoja Mombasa. KRA haitozi kodi kwa kuangalia risiti yenu. Huangalia orodha yake ya bei za magari, ikapunguza kulingana na umri wa gari, ndipo ikatoza. Kodi zote zikijumlishwa huweza kukaribia bei mliyonunulia au hata kuipita. Mwombeni wakala wa forodha awape hesabu ya kila gari kwa maandishi kabla ya kuagiza.

Kisha mkopo. Tuseme mnakopa shilingi 1,500,000 kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, inayohesabiwa juu ya deni linalobaki. Mkilipa kwa miezi 48, kila mwezi mtatoa kama shilingi 39,500, na riba yote itakuwa karibu shilingi 396,000. Mkilipa kwa miezi 60, mtatoa kama shilingi 33,400 kila mwezi, lakini riba itafika karibu shilingi 502,000. Nafuu ya kila mwezi ina bei yake.

Ongezeni mafuta. Tuseme mnatembea kilomita 1,800 kwa mwezi. Gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita litakunywa lita 180. Linalokwenda kilomita 14 litakunywa lita 129 hivi. Tofauti ni lita 51. Zidisheni kwa bei ambayo EPRA hutangaza kila tarehe 14, mtaona ukweli wa hoja ya Baba Watoto kwa shilingi. Ongezeni bima kubwa, ambayo mkopeshaji ataidai, na huduma ya gari.

Sasa wekeni jumla hiyo kando ya karo ya watoto wanne na dawa za mama. Ikiwa baada ya kulipa mkopo muhula wa kwanza utawakuta mikono mitupu, basi jibu si Mazda wala si Nissan. Jibu ni kungoja mwaka mmoja, au kununua gari dogo zaidi. Mnakumbuka katika Injili ya Luka, sura ya 14, yule anayetaka kujenga mnara hukaa kwanza akapiga hesabu. Mnara usiokamilika huchekwa na wapita njia. Gari lililochukuliwa na dalali pia.

4. Andikisheni kwa haki

Jambo hili wengi huona haya kulitaja. Gari litaandikwa jina la nani? Ikiwa nyote wawili mnachanga, hakuna ubaya wowote logbuku kuwa na majina yenu mawili. Sheria ya Kenya ya mwaka 2013 juu ya mali ya wanandoa inasema kwamba mali iliyopatikana wakati wa ndoa ikiwa kwa majina ya wote wawili, huchukuliwa kuwa haki yao ni sawa, isipokuwa ithibitishwe vingine. Ikiwa ni kwa jina la mmoja, huchukuliwa kuwa anaishika kwa niaba ya mwenzake pia, mpaka ithibitishwe vingine.

Kuandika majina mawili si dalili ya kutoaminiana. Ni kusema wazi mbele ya watu yale mnayoyaishi nyumbani. Na siku mmoja akitangulia mbele ya haki, Mungu apishe mbali, anayebaki hatahangaika kuwathibitishia shemeji kwamba naye alichanga.

5. Amueni, lakini msitupe sababu ya aliyekubali

Hapa ndipo ndoa nyingi huteleza. Magari ni mawili, litakalonunuliwa ni moja. Mmoja ataacha alilotaka. Akiacha kwa kuchoka, ataliona gari hilo kama adui uani. Siku litakapoharibika atasema, "Si nilikwambia?"

Dawa ni hii: sababu ya yule aliyekubali iandikwe ndani ya mapatano. Turudi kwa familia yetu ya mfano. Tuseme wamekaa, wakahesabu watu na safari, wakaona kwamba Jumapili wote saba huenda Misa, na kila mwezi wote huenda Molo. Wamechagua X-Trail ya viti saba. Mama atakaa safu ya kati, karibu na mlango, na watoto wawili wadogo watakaa nyuma. Mizigo ya shamba itasafirishwa kwa matatu au itapunguzwa. Baba Watoto amekubali. Basi hofu yake isitupwe. Waandike: kila mwezi tutaweka shilingi 3,000 kando kwa ajili ya giaboksi, na mafuta yake yatabadilishwa na fundi ambaye Baba Watoto amemchagua. Na wiki ambayo safari ya Nairobi ni yake peke yake, atapanda basi ili kuokoa mafuta. Kwa njia hiyo hajashindwa. Sababu yake imo ndani ya gari pamoja na ya mkewe.

Hesabu ingekuwa nyingine kama familia ingekuwa ya watu wanne na safari nyingi zikawa za barabara kuu. Hapo CX-5 ingefaa zaidi, na ingekuwa zamu ya mke kusema, "Nakubali, lakini mama akija kukaa nasi, tutakodi gari kubwa siku za safari." Hilo nalo liandikwe.

Na mkishindwa kukubaliana? Msimfanye mama mkwe kuwa hakimu, wala kaka, wala marafiki wa kazini. Mtu wa ukoo akiamua, yule aliyenyimwa atamkumbuka kila gari likiwashwa. Mwulizeni fundi asiye na faida katika mauzo, awaeleze nyote wawili mkiwa pamoja. Kisha ngojeni wiki mbili. Meli zitaendelea kuja.

Maswali ya kujadiliana nyumbani

1. Tukiandika safari zetu zote za mwezi uliopita, ni ngapi tulikuwa watu zaidi ya watano?
2. Ni jambo gani mwenzangu anaogopa juu ya ununuzi huu, ambalo sijawahi kumwuliza?
3. Mkopo ukianza kukatwa, ni kitu gani tutaacha kununua, na nani atakihisi zaidi?
4. Katika uamuzi mkubwa uliopita, nani alikubali? Je, sababu yake tuliitunza au tuliisahau?

Jibuni maswali haya kabla ya kwenda yadi. Muuzaji atawaonyesha rangi, redio na viti vya ngozi. Lakini hatawauliza bibi atakaa wapi. Hilo ni lenu ninyi wawili.