Tafsiri na Ukalimani ndani ya Tarakilishi: Programu Kongwe katika Vichakataji Vipya

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili huzijua istilahi tafsiri na ukalimani kuwa ni majina ya kazi za binadamu. Makala haya yanaonyesha kwamba istilahi hizo zinaeleza pia, tena kwa usahihi, jinsi programu kongwe inavyoendeshwa katika tarakilishi yenye kichakataji cha usanifu mpya. Aidha, yanabainisha kwamba uhai wa programu humtegemea yule anayehifadhi matini yake chanzi.

Lugha ya Kichakataji

Kichakataji ni kiungo cha tarakilishi kinachotekeleza maagizo. Kila usanifu una maagizo yake, mithili ya lugha yenye msamiati na sarufi yake. Ukoo wa x86, ulioanza na Intel 8086 mwaka 1978, ndio uliotawala tarakilishi za mezani. Ukoo wa Arm, uliozaliwa Cambridge, Uingereza, mwaka 1985, ulienea katika simu za mkononi na sasa umeingia katika tarakilishi za kupakata. Programu iliyoandaliwa kwa x86 ni fumbo tupu kwa Arm. Hata ndani ya ukoo mmoja pana mipaka: Windows ya biti 64 haiendeshi programu za biti 16 za enzi ya DOS.

Na ichukuliwe, kwa mfano, shule ya Kisauni iliyohifadhi alama za wanafunzi kwa programu ya DOS. Tarakilishi ikifa na kununuliwa nyingine, alama zimo, programu imo, lakini haifunguki. Programu haikuoza, aliyebadilika ni msikilizaji wake.

Njia Tatu

Njia ya kwanza ni ukalimani. Programu maalumu husoma agizo moja moja la lugha kongwe na kulitekeleza papo hapo kwa lugha mpya. DOSBox hufanya hivyo: huiga tarakilishi ya zamani ndani ya ile mpya. Mfano wake ni gari linalovuka kivuko cha Likoni. Gari halijifunzi kuelea. Hubebwa na feri, likashuka ng'ambo likiwa gari lile lile. Gharama yake ni muda, kwani kila agizo huhitaji maagizo kadhaa ya ziada.

Njia ya pili ni tafsiri. Hapa programu nzima hugeuzwa kabla ya kutumiwa, na matini lengwa huhifadhiwa. Kampuni ya Apple ilipohamia Intel mwaka 2006, na ilipoanza kuhamia Arm mwaka 2020, ilitoa vyombo vilivyoitwa Rosetta, kwa kukumbuka jiwe lenye maandishi ya aina tatu lililopatikana Misri mwaka 1799. Rosetta ya mwaka 2020 hutafsiri sehemu kubwa mapema, na yale yanayozuka wakati wa matumizi huyakalimani, ikihifadhi iliyokwisha kuyafasiri ili isirudie kazi.

Njia ya tatu ni kurudi kwenye matini chanzi, yaani maagizo asilia yaliyoandikwa na mtunzi wa programu, na kuyafasiri upya moja kwa moja kwa kichakataji kipya. Hii ndiyo njia bora, lakini humfaa tu mwenye matini hayo.

Mipaka ya Mkalimani

Tafsiri haivuki kila mahali. Programu ndogo zinazoiunganisha tarakilishi na vifaa hukaa ndani mno ya mfumo, na Windows ya Arm huzitaka ziwe zimeandaliwa kwa Arm yenyewe. Hivyo mwenye duka la kuchapisha hati Changamwe anaweza kuifungua programu yake ya zamani bila tatizo, ilhali printa yake kongwe ikabaki kimya. Tena, mkalimani naye hustaafu: Rosetta ya kwanza iliondolewa na Apple mwaka 2011, na programu zilizoitegemea zikanyamaza.

Funzo kwa Kiswahili

Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Toleo lile liliandaliwa kwa vichakataji vya wakati wake. Hata hivyo, matini chanzi ya OpenOffice yalikuwa wazi kwa umma, na LibreOffice, iliyochipuka humo mwaka 2010, leo ina matoleo ya Arm. Istilahi za Kiswahili katika programu za namna hiyo huandikwa kama maneno ya kawaida, si kwa lugha ya kichakataji. Kwa hiyo kazi ya mwanaistilahi yaweza kuishi kuliko mashine aliyoitumia.

Hitimisho

Imebainika kwamba kongwe na jipya huweza kusikilizana, mradi pawe na mkalimani au mfasiri. Hata hivyo, anayemtegemea mkalimani wa kukodi hana budi kunyamaza siku mkalimani huyo anapoondoka. Idara, shule na vyama vinavyoagiza programu za Kiswahili, kuanzia kamusi hadi vikagua tahajia, vidai matini chanzi pamoja na programu yenyewe, na kuyahifadhi. Wahenga walisema: mwacha asili ni mtumwa.