Wageni wa Mwezi wa Kumi

Mvua za kwanza zikinyesha Malemba-Nkulu, kumbikumbi hutoka ardhini, na wadudu huongezeka kandokando ya mto Lualaba. Siku hizo, watoto, tazameni juu ya maji. Mbayuwayu wanaruka huku na huku, wakikamata wadudu hewani. Jioni hushuka kulala katika matete.

Wengi wao ni wageni kutoka Ulaya. Tutawajuaje? Mbayuwayu mkubwa wa Ulaya ana mgongo mweusi wenye kung'aa kama buluu. Koo lake ni jekundu, na chini ya koo pana mkanda mweusi. Mkia wake umegawanyika kama uma. Tena hajengi kiota hapa. Viota vya udongo vilivyo chini ya mapaa ni vya mbayuwayu wenyeji.

Kwa nini wanakuja? Mwezi wa tisa baridi inaanza Ulaya. Majani ya miti yanaanguka, na wadudu wanapotea. Mbayuwayu akibaki huko, atakufa kwa njaa. Basi anaondoka, anavuka bahari na jangwa la Sahara. Kutoka Ubelgiji mpaka Malemba-Nkulu ni zaidi ya kilometri 6000. Naye uzito wake ni gramu 20 hivi, haufiki hata nusu ya yai la kuku!

Zamani watu wa Ulaya hawakujua ndege hao huenda wapi. Wengine walidhani wanalala ndani ya matope ya maziwa. Mwaka 1911, Mwingereza John Masefield alimvika mbayuwayu mmoja pete ndogo mguuni. Mwezi wa 12 mwaka 1912 ndege yule yule alikamatwa Natal, Afrika ya Kusini. Hapo watu walipata hakika.

Mwezi wa tatu na wa nne wageni hurudi Ulaya kutaga mayai. Mtoto akimpiga mmoja kwa manati, anapata nyama ya kutia kinywani mara moja tu. Lakini wadudu ambao ndege angewala wanabaki, na huko mbali kiota kimoja hakitajengwa.

Maulizo
1. Mbayuwayu wa Ulaya hukimbia nini hasa: baridi au njaa?
2. Pete ya mwaka 1911 ilifundisha nini?
3. Jioni tazama matete ya mtoni. Andika siku uliyowaona wageni mara ya kwanza.