SAFARI NA MZAZI: HELA YA KURUDI IPANGE KABLA YA HELA YA KWENDA

Leo tuongelee siku ya kurudi. Kila mtu anajua kupanga safari ya kwenda. Mzazi amekuambia kwa miaka kumi kwamba anatamani kuiona bahari kabla hajafunga macho, wewe una kiduka au genge, umejibana mpaka hela imepatikana, mnaenda. Sawa kabisa. Lakini biashara ndogo huwa haifi mkiwa baharini. Inakufa wiki ile mmerudi, duka halina unga, mfuko hauna kitu, na ndugu wanapiga hodi kuuliza wameletewa nini.

Mimi nauza vyakula mtaani hapa Morogoro mjini: unga, sukari, mafuta, mkate, dagaa, na pembeni nina uwakala wa kutuma na kutoa pesa. Mama yangu anaishi juu Matombo, analima ndizi na ana miti yake ya mdalasini kwenye ardhi ya ukoo. Februari 2025 nilimpeleka Zanzibar siku tano. Zile meli kubwa za watalii tunazoziona kwenye taarifa ya habari zikitia nanga Dar na Unguja sio za mfuko wetu, lakini maji ni yale yale. Sisi tulipanda treni ya SGR kutoka Kihonda hadi Dar, halafu boti ya masaa mawili hivi mpaka bandari ya Malindi. Ilipoanza Juni 2024, nauli ya treni ya Moro na Dar kwa daraja la kawaida ilitangazwa 13,000. Kwa hiyo watu wawili kwenda na kurudi ni 52,000. Boti uliza bei mwenyewe wakati wa kukata, usitumie bei ya kuhadithiwa na jirani.

Sasa tuingie kwenye hesabu, maana humu ndo kwenye somo.

Duka langu kwa siku ya kawaida linauza kama 150,000. Faida yake ni 15,000 hivi. Nikifunga siku tano, nimekosa faida ya 75,000. Hiyo ni hasara ndogo. Hasara kubwa ni kwamba yule mteja wa mkate wa saa kumi na mbili asubuhi atahamia duka la pili, na mteja wa asubuhi akishazoea njia nyingine humrudishi kwa kumpungia mkono. Nikimwachia kijana dukani na kumlipa 7,000 kwa siku, ni 35,000 kwa siku tano. Nabakiwa na 40,000, na mlango uko wazi. Kwa hiyo nilimwachia binti wa dada yangu, ambaye alishakaa na mimi dukani wiki mbili nzima kabla ya safari. Wiki mbili, sio asubuhi ya kuondoka unamkabidhi mtu funguo huku bodaboda inakusubiri nje.

Hela ya safari ilitoka wapi? Sio kwenye droo ya duka. Mimi najilipa 10,000 kwa siku kama mfanyakazi mwingine yeyote, na kutoka kwenye hiyo nilikuwa naweka 2,500 kwenye kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Siku 300 zikatoa 750,000. Mtaji wa duka sikuugusa hata mia. Kuna jamaa wa mtaa wa pili, alimpeleka baba yake pwani kwa hela ya mauzo akiamini "nikirudi nitazirudisha". Alirudi akakuta mauzo ya kuzirudisha hayapo, kwa sababu rafu zilikuwa tupu. Sasa hivi ameajiriwa kwenye duka la mtu. Baba mtu kila akilitaja jambo lile anaona haya, wakati yeye hakuomba kitu zaidi ya kuona maji.

Ile 750,000 niliigawa kabla sijakata tiketi. 450,000 ilikuwa ya kwenda na kukaa, pamoja na tiketi zote za kurudi, tukazikata kabisa. 300,000 ilikuwa ya kurudi, na hiyo sikusafiri nayo. Niliiacha benki. Mchanganuo wake ulikuwa hivi: zawadi 80,000, nauli ya kumpandisha Mama Matombo pamoja na chakula chake cha wiki ya kwanza 40,000, mzigo wa kufungulia duka 150,000, dharura 30,000. Watu wananiuliza, mbona hela ya mzigo iko kwenye hela ya safari? Kwa sababu mauzo ya siku ambazo haupo hayatakuwa kama yako ukiwepo, hata umwache malaika. Ukirudi kuna vitu vimekwisha na hela haijatimia. Ile 150,000 inaziba pengo asubuhi ya kwanza: unga, sukari, mafuta, mayai, mkate. Vitu vinavyomleta mtu dukani kila siku. Usikimbilie kujaza sabuni za kuogea na biskuti.

Kuhusu uwakala sitaki mchezo. Laini ya wakala na namba ya siri haviachwi kwa mtu, hata awe mtoto wako wa kumzaa. Mimi floti niliirudisha kwa wakala mkuu, hela ikaingia benki, laini nikasafiri nayo ikiwa imezimwa. Wateja niliwaambia wiki moja kabla, nikabandika karatasi ukutani: huduma ya pesa itarudi Jumatatu. Na Jumatatu ilirudi kweli. Tarehe ukiiandika, itimize, maana mteja wa pesa akikuta kumefungwa siku uliyomwahidi hasikilizi tena maelezo.

Zawadi nazo zinahitaji msimamo. Mama ana dada zake watatu, ana majirani, ana wenzake wa kanisani. Mzazi wa milimani akienda Unguja, kijiji kizima kinajua. Nilimwambia kabla hatujatoka nyumbani: "Mama, zawadi tunazo za elfu themanini, utachagua wewe za nani na za nani." Hakununa. Alikaa na daftari la mjukuu wake, akaandika majina, akakata mengine mwenyewe. Akanunua khanga kwa dada zake, wagawane kipande kimoja kimoja badala ya doti nzima, na halua ya kuonja watu wengi kidogo kidogo. Ukimwambia mzazi kiasi mapema unampa heshima ya kupanga. Ukimnyamazia mpaka dukani ndo unaanza kumkatalia mbele ya muuzaji, hapo umemvunjia heshima, na hela utaitoa tu kwa aibu.

Bidhaa za kuja kuuza sikubeba, na wengine hapa mtanipinga. Najua wapo wanaokwenda Zanzibar kufuata mzigo na wanapata. Lakini hiyo ni safari ya biashara, ifanye peke yako. Mzigo wa biashara kutoka Zanzibar unakaguliwa bandarini Dar, unatakiwa uwe na risiti zako halali na uwe umeshajua kodi yake. Nenda TRA ukaulize kabla ya kununua, sio ukiwa kwenye foleni na mama wa miaka sabini amesimama na miguu imevimba. Na karafuu usithubutu kujaza begi: kule zao hilo kisheria linanunuliwa na shirika la serikali, ZSTC. Tena karafuu za nini, wakati Mkuyuni na Kinole hapa kwetu zinaanikwa barabarani?

Kariakoo nayo ni hivyo hivyo. Kishawishi ni kikubwa, unapita Dar, unasema ngoja nipitie mara moja nichukue mzigo. Hakuna "mara moja" Kariakoo. Agiza kwa simu kwa mtu unayemwamini, mzigo ushuke Msamvu. Treni ya abiria sio lori, mizigo ina ukomo wake.

Ila kuna kitu kimoja tulirudi nacho ambacho hakikulipiwa ushuru.

Siku ya tatu tulikuwa Darajani sokoni. Mama akasimama kwenye meza ya viungo. Kuna vile vikapu vidogo vya ukindu, ndani wamepanga mdalasini, iliki, pilipili manga na karafuu kidogo, juu nailoni. Mama akachukua kimoja, akanusa. Akageuza. Akauliza bei. Kijana akasema elfu tano. Mama akacheka mpaka kijana akadhani anadharauliwa, ikabidi nimwombe radhi. Mama akaniambia pembeni: "Mwanangu, mdalasini huu sio mzuri kama wangu." Nami naamini alisema kweli, maana pua yake imezaliwa kwenye huo mti. Lakini kile kikapu kizima, chenye vijiti vichache vya mdalasini, hakikuachana mbali na bei aliyokuwa akipewa na dalali kwa kilo nzima. Dalali alikuwa anamlipa 8,000.

Njia nzima ya kurudi hakuongelea bahari. Kwenye treni, tumeshapita Ngerengere, milima inaanza kuonekana upande wa kushoto, ndo akasema: "Mwaka huu dalali nampa nusu. Nusu nakuletea wewe." Nikamwambia Mama, mimi sina hela ya kununua nusu kwa mkupuo. Akasema, "Sijakuuliza hela. Nimesema nakuletea."

Hapo nikajifunza kuwa wakati wa kurudi nao una maana yake. Mdalasini hubanduliwa wakati wa mvua, ganda ndo linaachia vizuri, na sisi tulikuwa tumerudi wiki chache kabla ya masika. Tungerudi Mei angekuwa ameshauza. Februari pia Januari ya ada za shule imeshapita, barabara ya kwenda Matombo haijaharibika, na mwaka ule Ramadhani ilianza mwanzoni mwa Machi, kwa hiyo tulikuta Unguja chakula kinapatikana mchana. Ukimpeleka mzee kati ya Juni na Septemba, kumbuka kuna upepo wa kusi, mkondo unachafuka, mzee atatapika njia nzima. Hayo yapange mapema.

Turudi dukani. Tulifika jioni. Sikufungua kitu usiku ule, Mama alikuwa amechoka na mimi pia. Asubuhi saa kumi na moja nilikuwa dukani na yule binti, tukahesabu mzigo pamoja, mstari kwa mstari kulingana na daftari tuliloandika siku ya kuondoka. Kuhesabu pamoja ni lazima. Ukihesabu peke yako halafu ukamwita mtu kumwambia pamepungua, umeshaanzisha kesi. Tulikuta pungufu ya 6,500, na yote ilikuwa mikopo ya watu watatu waliomwambia "dada yako ananijua". Nikawafuata siku hiyo hiyo, kwa utani, na wawili wakalipa kabla ya saa nne. Deni lililoingia ukiwa haupo lidai siku ya kwanza. Likilala wiki linageuka kuwa zawadi yako ya safari kwao.

Mayai yaliyokaa tukayauza kwa mama ntilie kwa bei ya kununulia. Saa mbili nikatoa ile 150,000 benki nikaenda sokoni. Mchana rafu zimejaa, binti nikamlipa 35,000 yake yote papo hapo, pamoja na khanga. Usimwambie mtu aliyekulindia duka "subiri kidogo nimetoka safari". Siku ya pili ndo nikampandisha Mama Matombo.

Mdalasini ulishuka mwishoni mwa Mei, kilo kumi zilizokauka. Nikamlipa Mama 12,000 kwa kilo, kidogo kidogo kadiri unavyouzika, jumla 120,000. Naupima hapa hapa dukani, gramu 50 kwenye mfuko wa kaki, 1,000. Kilo kumi zinatoa mifuko 200, yaani 200,000. Mifuko yenyewe nanunua 100 kila mmoja, 20,000. Imebaki 60,000 yangu. Sio utajiri. Lakini Mama kwa kilo hizo kumi amepata 40,000 zaidi ya ile ya dalali.

Lebo bado sijaweka. Ukitaka kufunga chakula chenye jina lako na kukipeleka madukani unahitaji alama ya TBS, na wajasiriamali wadogo tuna utaratibu wa kupitia SIDO. Nimeshaanza kuufuata, fomu nimechukua. Mama ananipigia kila Jumapili kuuliza kama jina lake litaandikwa kwenye mfuko au langu. Hapo bado tunajadiliana.