Sahani ya Mama Anayenyonyesha: Kupunguza Uzito Bila Kujinyima

Mama aliyejifungua katika kata za Mbulu na Hanang hupokea ushauri kutoka pande nyingi kwa wakati mmoja. Mama mkwe humletea uji wa ulezi ulioungwa kwa samli na kumtaka amalize bakuli. Shoga yake wa mjini humweleza kuwa ugali wa usiku ndio unaomwongezea tumbo. Jirani naye hufika na pakiti ya majani ya kupunguza mwili aliyoinunua mnadani. Wote wanamtakia mema, lakini hawawezi kuwa sahihi wote, na anayelipa gharama ya ushauri mbaya ni mama mwenyewe pamoja na mtoto aliye kifuani pake.

Jambo la kwanza la kufahamu ni ukubwa wa kazi ambayo mwili wa mama huifanya. Mtoto anayenyonya maziwa ya mama pekee, unyonyeshaji ukishakaa sawa, hupata wastani wa mililita 750 hadi 800 kwa siku, yaani zaidi ya chupa moja na nusu za maji ya nusu lita. Ili kutengeneza kiasi hicho, mama huhitaji takribani kilokalori 500 kila siku juu ya zile alizohitaji kabla ya kushika mimba. Sehemu ya nguvu hiyo hutoka katika mafuta ambayo mwili uliyaweka akiba wakati wa ujauzito. Iliyobaki sharti itoke kwenye sahani. Kwa lugha ya jikoni, kilokalori 500 ni bakuli kubwa la uji wa ulezi uliopikwa kwa maziwa, pamoja na konzi moja ya karanga. Si sufuria ya pili ya ugali. Hapo ndipo msemo wa kwamba mama anayenyonyesha “anakula kwa ajili ya wawili” unapopotosha, kwa kuwa mtoto mchanga hali sawa na mtu mzima.

Kuhusu uzito, mama hupungua kilo 5 hadi 6 siku ya kujifungua, kwa kuondoka mtoto, kondo la nyuma na maji ya uzazi. Katika wiki zinazofuata mwili huendelea kutoa maji uliyoyahifadhi, na tumbo la uzazi hunywea hadi likarudi katika ukubwa wake wa kawaida baada ya wiki sita hivi. Katika kipindi hicho cha wiki sita mama hapaswi kujishughulisha na mizani hata kidogo. Baada ya hapo, kupungua nusu kilo kwa wiki, yaani kilo 2 hivi kwa mwezi, hakudhuru maziwa. Wako akina mama wanaopungua haraka kwa sababu ya kunyonyesha, na wako ambao mwili wao hauachii akiba hadi mtoto aanze kula vyakula vingine. Wote ni wazima. Uzito uliojengwa kwa miezi tisa hauna sababu ya kuondoka kwa mwezi mmoja.

Ieleweke pia kwamba kuna mama wa aina mbili katika wilaya hizi, na somo moja haliwatoshi wote. Yupo muuza duka wa Katesh au mtumishi wa ofisini Mbulu mjini, anayekaa kitini kutwa, anayekunywa soda na chai yenye sukari nyingi, na ambaye kweli angefaidika kwa kupungua kidogo. Na yupo mama wa kijijini anayerudi shambani kabla ya siku arobaini, anayebeba ndoo na kuni, na ambaye katika miezi ya kusubiri mavuno hula mlo mmoja au miwili kwa siku. Huyu wa pili hahitaji somo la kupunguza uzito. Kwake nguo kulegea si dalili ya urembo bali ni dalili ya hatari, na anapaswa kuonwa na mhudumu wa afya mapema.

Wengi hudhani kwamba mama asipokula vizuri maziwa hukauka. Ukweli ni mzito zaidi kuliko hivyo. Wingi wa maziwa hutegemea hasa mtoto anavyonyonya: akinyonya mara kwa mara, usiku na mchana, maziwa huja. Mama asipokula vya kutosha, mwili huendelea kutoa maziwa kwa kujikopa wenyewe. Madini ya chokaa hutolewa katika mifupa yake, damu hupungua asipokula vyakula vya kuirudisha, na uchovu humwandama. Tena vipo virutubisho ambavyo vikikosekana kwa mama hupungua pia ndani ya maziwa, vikiwemo vitamini A, vitamini B kadhaa na madini joto. Mtoto hushiba, lakini hukosa.

Ardhi ya Mbulu na Hanang ina karibu kila kinachohitajika kuzuia hali hiyo. Nafaka zipo: mahindi, mtama, ulezi, na ngano ya Basotu. Maharage, mbaazi na ngwara hutoa utomwili kwa bei ambayo nyama haiwezi kushindana nayo. Boga hulisha mara tatu, kwa tunda lake, majani yake na mbegu zake, na rangi yake ya manjano ndiyo ishara ya vitamini A. Mnavu, mgagani na sukuma wiki humea hata kwenye bustani ya maji ya kuoshea vyombo. Perege wa Ziwa Basotu, dagaa, mayai na maziwa hukamilisha sahani. Mafuta ya alizeti hukamuliwa hapa hapa; kijiko kimoja au viwili katika mboga vyatosha, kwani vitamini A huhitaji mafuta kidogo ili itumike mwilini. Mama anayetaka kupungua asiondoe kundi lolote kati ya haya. Apunguze tonge la ugali, aongeze mboga na maharage, na aache soda, maandazi na sukari ya tatu katika kikombe. Kiu ndiyo iwe kipimo cha maji. Kikombe kimoja kila anaponyonyesha ni desturi nzuri.

Mapishi nayo yana mitego yake. Magadi yanayotiwa kwenye maharage na makande ili yaive upesi huharibu baadhi ya vitamini B. Kuloweka maharage usiku kucha huokoa kuni na virutubisho pia. Chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga na kunde, hivyo inywewe saa moja au zaidi baada ya mlo. Chumvi itumike ile ya pakiti iliyowekwa madini joto, kwa maana chumvi inayookotwa kando ya maziwa yetu ya magadi haina uhakika huo.

Maziwa ya ng'ombe yachemshwe hadi yatokote, hata yale yatakayogandishwa kuwa mtindi. Katika jamii za wafugaji agizo hili hupokelewa kwa shingo upande, lakini ugonjwa wa bruselosisi, unaosababisha ng'ombe kutupa mimba, umo katika mifugo ya mkoa wa Manyara na humfikia mtu kupitia maziwa mabichi. Mahindi nayo yakaguliwe. Mwaka 2016 sumukuvu ilisababisha vifo katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na sumu hiyo, mama akiila katika nafaka yenye ukungu, hupita hadi kwenye maziwa yake. Kupika hakuiondoi. Punje zilizooza au kubadilika rangi zitupwe, zisisagwe kwa ajili ya mtu yeyote.

Mkanda wa kanga unaofungwa tumboni baada ya kuzaa humpa mama faraja ya mgongo, na hilo halina ubaya iwapo haubani pumzi. Ila hauyeyushi mafuta. Majani na vidonge vya kupunguza mwili ni jambo jingine kabisa: vingi huharisha, hupoteza maji ya mwili, na vilivyomo ndani yake havijulikani, ilhali baadhi ya dawa hufika kwa mtoto kupitia maziwa. Mama anayenyonyesha asivitumie. Pombe pia, iwe ya dukani au ya kienyeji, huingia katika maziwa, na imani kwamba pombe ya nafaka huongeza maziwa si ya kufuatwa. Kutembea kwa nusu saa kila siku baada ya wiki sita kunatosha; aliyejifungua kwa upasuaji asubiri ruhusa ya mtaalamu.

Upo ushahidi wa karibu kuhusu kinachotokea mtoto anapowahishiwa vyakula vingine. Utafiti wa kimataifa wa MAL-ED, ulioanza mwaka 2009 katika nchi nane, ulifuatilia watoto tangu kuzaliwa, na kituo chake cha Tanzania kilikuwa Haydom, wilayani Mbulu. Ilibainika kuwa watoto wengi wa eneo hilo walianzishiwa maji, maziwa ya ng'ombe au uji mapema mno, na zaidi ya nusu ya waliofuatiliwa walikuwa na udumavu walipotimiza miaka miwili. Zipo sababu nyingi za udumavu, yakiwemo magonjwa ya tumbo na umaskini wa mlo, lakini maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya kwanza ni kinga isiyouzwa dukani. Thamani yake ilionekana pia baada ya maporomoko ya tope ya Desemba 3, 2023 huko Katesh: maji safi na jiko vinapopotea, mtoto anayenyonya bado ana mlo salama.

Wajibu huu haumhusu mama peke yake. Katika kaya nyingi mama hupakua wa kwanza na kula wa mwisho, kilichobaki. Baba anayehakikisha kwamba yai au kipande cha samaki kinafika kwenye sahani ya mama, na kwamba ndoo ya maji inabebwa na mwingine kwa wiki chache, anamlisha mtoto wake. Kwa mama aliyeajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 kwa waliojifungua zaidi ya mtoto mmoja, na muda wa hadi saa mbili kwa siku wa kunyonyesha.

Mahudhurio ya kliniki baada ya kujifungua ni ndani ya saa 48, kisha siku ya 7, ya 28 na ya 42. Mtoto mchanga kupungua kidogo siku za mwanzo ni kawaida, lakini awe amerudia uzito wa kuzaliwa ifikapo wiki ya pili, na kuanzia siku ya tano akojoe mara sita au zaidi kwa siku. Siku hizo mtoto hupimwa bila kukosa. Mama naye aombe apimwe uzito, mzunguko wa mkono na wingi wa damu, na majibu yaandikwe kwenye kadi yake. Huduma hiyo hutolewa katika zahanati na vituo vya afya, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa kitongoji anaweza kumwelekeza mahali pa karibu.