Mielekeo ya Wanafunzi wa Kiswahili Kuhusu Kujifunza kwa Video: Tajriba ya Mtwapa

Utangulizi

Mnamo Machi 2020, vyuo vikuu nchini Kenya vilifungwa kutokana na maradhi ya Korona. Mwezi uliofuata, serikali ilipiga marufuku kuingia na kutoka katika kaunti za Mombasa, Kilifi na Kwale. Sisi wanafunzi tuliokuwa Mtwapa tulibaki na simu zetu na mihadhara iliyorekodiwa kwa video. Makala hii inajadili mielekeo iliyojitokeza miongoni mwetu. Inadai kwamba suala la msingi si iwapo mwanafunzi anaipenda video, bali ni kazi gani anayopewa anapoitazama.

Mielekeo Miwili

Waliosifu video walisema kwamba inaweza kurudiwa. Mhadhiri akieleza mizani upesi, mwanafunzi huirudisha nyuma na kuihesabu kwa utulivu. Waliopinga walilalamikia gharama ya bando, na kwamba swali lililozuka katikati ya mhadhara lilikosa wa kulijibu. Hoja zote mbili zina mashiko. Hata hivyo, kasoro nyingine ilikuwa yetu wenyewe: tulitazama mhadhara kama filamu, bila kalamu mkononi, tukadhani kusikia ndiko kuelewa.

Video na Fasihi Simulizi

Ruth Finnegan, katika kitabu chake cha 1970 kuhusu fasihi simulizi ya Afrika, alisisitiza umuhimu wa utendaji. Kwa hakika, wimbo wa harusi ukiandikwa tu, makofi, miondoko na vigelegele hupotea. Video huvihifadhi. Lakini kamera nayo huchagua. Kadhalika, fanani wa kwenye video akisema "Paukwa!", sauti ya "Pakawa!" ya mtazamaji haimfikii.

Mwandishi wa makala hii alifunzwa jambo hili na kosa lake mwenyewe. Baada ya kutazama video ya ngoma ya kayamba mara kadhaa, niliandika kwamba waitikiaji walikuwa wachache na kwamba hadhira ilinyamaza. Baadaye nilihudhuria ngoma kama hiyo harusini, papa hapa Mtwapa. Waliokuwa wakiitikia ni umati mzima, hata wapishi jikoni. Kamera ilikuwa imemwelekea mwimbaji pekee. Nilifuta ukurasa mzima wa rasimu yangu.

Mapendekezo na Hitimisho

Kwanza, kila video itanguliwe na maswali: nani haonekani, na ni sauti ipi inayotoka nje ya picha? Pili, darasa likutane baada ya kutazama ili maswali yajibiwe. Tatu, mwanafunzi arekodi utendaji mwenyewe, kwa idhini ya watendaji, ili ajue kamera huacha nini.

Mtwapa ina waimbaji na wasimulizi walio hai. Mwanafunzi anayewajua kwa kioo cha simu pekee, ilhali wako mtaa wa pili, hajaanza utafiti. Video na imtoe nyumbani, isimfungie ndani.