Somo la Majira ya Jua Kali: Joto, Radi na Hewa Mbaya

Katika nchi ya Upare jua kali hutujia mara mbili kwa mwaka: mwezi wa Oktoba, kabla ya vuli kukolea, na tena tangu Januari hata Machi, kabla ya masika. Siku hizo mambo matatu hufuatana kama ndugu wa nyumba moja: joto, radi na hewa mbaya. Yafaa tuyajue yote matatu, maana mtu asiyejua huogopa pasipo hatari, na palipo na hatari haogopi.

1. Joto

Mji wa Same uko chini ya milima, upande wa magharibi. Pepo za Bahari ya Hindi hupanda milima kwa upande wa mashariki. Zikipanda hupoa, mvuke wake huwa mawingu, na mvua hunyesha huko. Zikiisha kuvuka na kushuka, zimekauka. Ndiyo sababu mlimani kuna migomba na misitu, na huku tambarare, Same na Hedaru, kuna miiba na mikonge.

Mwili wa mwanadamu hukaa katika nyuzi 37. Joto lake likifika nyuzi 40, mtu huweza kunena maneno yasiyo na maana, kuanguka, hata kufa. Mtu kama huyo apelekwe kivulini upesi, avuliwe nguo nzito, amwagiwe maji na kupepewa, kisha apelekwe hospitali. Asiyejitambua asinyweshwe kitu. Mtu wa mlimani ashukaye sokoni Same ajihadhari kuliko mwenyeji, kwa kuwa mwili wake haujazoea. Kazi ya jembe ifanywe alfajiri na jioni, na wazee, wenye mimba na watoto wachanga waangaliwe kwanza.

2. Radi

Joto hilo hilo ndilo lizaalo radi. Ardhi ikichomwa na jua, hewa iliyo juu yake hupanda kwa nguvu pamoja na unyevu, na milima huisukuma juu zaidi. Ndani ya wingu lile refu chembe za barafu hugongana, na kwa kugongana umeme hukusanyika. Ukizidi hushuka, na mara nyingi hushika kilichoinuka: mti, mnara, au mtu asimamaye uwandani. Njia yake hupata joto la nyuzi 30,000 hivi. Hewa hutanuka ghafula, nasi twasikia ngurumo.

Wako wasemao kwamba radi hutumwa na mchawi. Neno hilo huzaa msiba wa pili juu ya ule wa kwanza: jirani asiye na kosa hushtakiwa, na wafiwa hukimbiwa siku ile wanapohitaji watu. Mwezi wa Juni 2011, huko Kiryandongo, Uganda, radi iliua wanafunzi 18 na mwalimu wao katika shule ya Runyanya. Tarehe 10 Machi 2018, katika wilaya ya Nyaruguru, Rwanda, iliua watu wasiopungua 15 waliokuwa kanisani. Je, hao walikuwa waovu kuliko wengine? Someni Luka 13:1-5, habari ya mnara wa Siloamu ulioua watu 18. Bwana alikataa kuufanya msiba ule kuwa kipimo cha dhambi. Imetupasa nasi kukataa.

Wala tusiseme, “Tumo kanisani, radi haitatupata.” Zamani huko Ulaya watu walipiga kengele za kanisa ili kuifukuza radi, na wapiga kengele wengi wakafa, kwa kuwa mnara ndio uliokuwa mrefu kuliko yote. Katika karne ya 18 Benjamin Franklin wa Marekani alionyesha ya kuwa fimbo ya chuma juu ya paa, ikiunganishwa na ardhi kwa waya nene, huuongoza umeme hata chini pasipo kudhuru nyumba. Basi, wazee wa usharika, mkijenga kanisa au shule mlimani, kizuia radi kihesabiwe pamoja na mabati na saruji.

Tena shikeni haya:

(a) Ukiona umeme, hesabu sekunde hata usikie ngurumo. Kila sekunde 3 ni kilomita 1. Ikisikika kabla ya 30, ingia katika nyumba imara au ndani ya gari lenye paa la chuma. Kibanda cha shamba hakikulindi, na chini ya mti ni pabaya zaidi.

(b) Usitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

(c) Aliyepigwa na radi hana umeme mwilini. Mguseni bila hofu. Ikiwa hapumui, mkandamizeni katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hata 120 kwa dakika, bila kuacha, hata msaada ufike.

3. Hewa mbaya

Siku ya jua kali isiyo na upepo, moshi hukaa. Moshi wa magari katika barabara kuu ya kwenda Arusha, na wa nyika zichomwazo, ukipigwa na jua huzaa hewa iitwayo ozoni. Juu sana angani ozoni ni ngao yetu, yazuia mionzi mikali ya jua. Hapa chini ni adui: hukereza kifua, huwazidishia wenye pumu ugonjwa wao, hata majani ya maharagwe huyadhuru. Haionekani kwa macho, nayo huzidi alasiri. Katika miji ya Marekani watu huonywa siku izidipo. Sisi tuutazame moshi, maana huo ndio mzazi wake. Tusichome mashamba siku za joto, na mwenye pumu amalize kazi yake asubuhi.

4. Maonyo

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa maonyo kwa daraja tatu: Angalizo, Tahadhari, na Tahadhari Kubwa. Mwalimu ayasikiaye redioni na awatangazie watu wote, hata wasio wa usharika wake. Someni Luka 12:54-56, mwone kwamba kuzitambua dalili za mbingu ni desturi ya kale.

Maswali ya kujifunzia

1. Kwa nini Same ni kukavu na mlimani kuna mvua?
2. Jirani akisema, “Radi hii imetumwa,” utamjibu nini, nawe utawafanyia nini wafiwa?
3. Kanisa lenu na shule yenu vina kizuia radi? Kama havina, ni nani atakayelileta neno hili mbele ya baraza la wazee?