Adhabu Isiyopungua

Mtu atokaye Nairobi kwenda Nyeri hupitia Kenol, mji uliopata jina lake kwa kituo cha petroli, na hapo njia hugawanyika: moja yaelekea Murang'a, nyingine yaendelea Sagana hata Nyeri. Mashauri ya jinai ya sehemu hizo yana njia yao vilevile. Mengi huanza mbele ya hakimu. Asiyeridhika hukata rufani katika Mahakama Kuu, Murang'a. Asiporidhika tena huenda katika Mahakama ya Rufani, Nyeri. Na machache mno hufika Mahakama ya Juu, Nairobi. Katika safari hiyo ndefu liko swali moja lililowashughulisha sana majaji: Bunge likisema kwamba adhabu ya kosa fulani isipungue miaka kadha, je, hakimu amebakiwa na kazi gani?

Yafaa kwanza kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Adhabu ya lazima ni ile iliyo moja tu. Kosa likithibitika, hakimu hana la kuchagua. Kima cha chini cha adhabu ni kitu kingine: sheria humwekea hakimu sakafu, naye aweza kupanda juu yake kadiri aonavyo haki, lakini hawezi kushuka chini yake.

Watu wa Mlima Kenya waliijua ile ya kwanza mapema. Katika miaka ya Hali ya Hatari sheria za dharura ziliweka kifo kwa makosa mengi, hata kupatikana na silaha tu, na watu zaidi ya 1,000 wakanyongwa. Dedan Kimathi alihukumiwa Nyeri mwezi wa Novemba 1956 kwa sheria hizo, akanyongwa Februari 1957. Baada ya Uhuru kifo kilibaki kuwa adhabu ya lazima kwa kuua mtu kwa kusudi, na baadaye kwa unyang'anyi wa kutumia nguvu pia. Hakuna aliyenyongwa tangu 1987, lakini hukumu hazikukoma, na magereza yakajaa wangoja kamba. Mwaka 2009 Rais Kibaki aliwabadilishia adhabu wafungwa zaidi ya 4,000 kwa mara moja. Tarehe 14 Desemba 2017, katika shauri la Muruatetu, Mahakama ya Juu ilitamka kwamba kifo cha lazima kwa muuaji ni kinyume cha Katiba, kwa kuwa humnyima mtu nafasi ya kusikilizwa juu ya adhabu yake. Uganda ilikuwa imekwisha kufika hapo mwaka 2009.

Hapo mawakili wakauliza: ikiwa kifo cha lazima kimeanguka, kwa nini sakafu za sheria nyingine zisianguke? Macho yakageukia Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006, iliyopelekwa Bungeni na Mheshimiwa Njoki Ndung'u. Mtu aliyemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini yake hufungwa maisha. Mtoto akiwa wa miaka 12 hadi 15, kifungo kisipungue miaka 20. Akiwa wa miaka 16 au 17, kisipungue miaka 15. Sababu ya Bunge haikuwa ndogo. Kanuni ya Adhabu ya zamani iliweka ukomo wa juu tu, na mnajisi aliweza kupewa kifungo chepesi na kurudi kijijini mtoto angali shuleni. Aliyeisimamisha sakafu hiyo alikuwa na haki ya kuisimamisha.

Lakini sheria yoyote ina matokeo ambayo mtungaji hakuyaandika. Katika makosa mengine mshitakiwa akikiri mapema hutumaini kupunguziwa, na tangu mwaka 2009 sheria yaruhusu hata mapatano baina yake na mwendesha mashtaka. Makosa ya kujamiiana yametolewa katika mapatano hayo. Basi mtu aliyeelezwa kwamba hata akikiri na kujuta hatapata chini ya miaka 20, hana sababu ya kukiri. Atakana. Na akikana, mtoto yule yule ambaye sheria ilitungwa kumlinda hana budi kusimama kizimbani, aseme mbele ya watu wazima jambo ambalo hata mama yake alimwambia kwa kunong'ona, kisha aulizwe maswali na huyo mtu au wakili wake.

Pengine shauri halifiki hata huko. Aghalabu mnajisi si mgeni, bali ni mjomba, au jirani alipaye karo ya nyumba ile. Mama huihesabu miaka 20, huwatazama watoto wengine, na wazee huitwa usiku ili mambo yaishe kwa fedha. Ukali wa sheria hapo haumtishi mkosaji, humtisha shahidi.

Tena kuna hati ya mashtaka. Kumnajisi mtoto wa miaka 13 ni miaka 20. Kujaribu kumnajisi, au kumtendea tendo la aibu, ni miaka 10. Atakayeamua lipi liandikwe ni polisi na mwendesha mashtaka, katika ofisi, kabla hakimu hajaliona jalada. Uchaguzi aliokatazwa hakimu kuufanya hadharani kwa kutoa sababu haukutoweka. Umehamia mahali ambapo hakuna mwananchi awezaye kuusikia.

Haya ndiyo yaliyokuwa nyuma ya shauri lililopita Nyeri. Mtu mmoja alikuwa amefungwa miaka 20 kwa kumnajisi mtoto, na Mahakama Kuu ikaithibitisha hukumu. Mwezi wa Mei 2022 Mahakama Kuu ya Machakos ilikuwa imesema kwamba mahakimu wasifungwe na vima hivyo. Na tarehe 7 Oktoba mwaka huo Mahakama ya Rufani, Nyeri, ikampunguzia mtu huyo hadi miaka 15. Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma akakata rufani. Tarehe 12 Julai 2024 Mahakama ya Juu ilirudisha miaka 20, ikieleza kwamba shauri la Muruatetu lilihusu kuua tu, na kwamba sakafu ya Bunge husimama mpaka ibatilishwe katika shauri lililofunguliwa mahsusi kwa jambo hilo.

Basi tuwaze, kwa mfano tu, kijana wa Kenol aoshaye magari, aliyetimiza miaka 18 mwezi uliopita, na rafiki yake msichana wa miaka 17. Angeshitakiwa kwa tendo alilolifanya kabla ya siku ile ya kuzaliwa, sheria ingemhesabu kuwa mtoto na kumshughulikia kama mtoto. Kwa tendo la wiki iliyofuata, asipoweza kuonyesha kwamba msichana alimdanganya juu ya umri wake, sakafu yake ni ile ile ya mwalimu wa miaka 50 aliyemnajisi mwanafunzi wa miaka 16. Wakili wake atasema juu ya ujana wake, na juu ya msichana ambaye hakulalamika. Hakimu atayasikiliza yote na kuyaandika, kisha chini yake ataandika miaka 15.